Kisiki cha Jeneza la Chelangat

Mke wangu Chelangat aliuza mbao Kibomet miaka ishirini na sita. Hakununua ubao kabla hajaona kisiki chake.

Mtu akileta lori, yeye hakuanza na bei. "Kisiki kiko wapi?" Akiambiwa Saboti, anafunga kitambaa kichwani, anapanda lori mpaka Saboti. Kama kisiki kiko shambani na mwenye shamba yuko, ananunua. Kama ni cha msitu wa mlima, ambako kukata ni wizi, anarudi kwa miguu.

Walimwita Mama Kisiki. Vijana wa lori walimchokoza. "Mama Kisiki, na kitanda chako je? Kisiki kiko wapi?"

"Nyuma ya choo cha mama mkwe. Enda ukisalimie."

Kwao kulikuwa na chemchemi. Miti ya juu ilikatwa, maji yakaisha. Alikuwa msichana, akabeba maji kutoka mbali. Hakusema zaidi ya hapo.

Mimi nilipasua tu. Msumeno ndio kazi niliyojua.

Aliugua miezi mitano. Tukauza mbao zote za yadi. Akafia hospitali Bungoma, Jumanne. Mazishi yakapangwa Jumamosi.

Alhamisi nikaenda kwa Gathii, fundi wa majeneza. Alikuwa ameshapiga randa mbao mbili.

"Pole, baba. Hizi ameleta Wanyonyi jana, kutoka Kimilili. Sina zingine."

Nilisikia harufu nikiwa mlangoni. Mwerezi, mti wa msitu wa mlima. Huku kwetu hakuna mtu ana mwerezi shambani. Nikagusa ubao, ulikuwa mbichi bado.

Nikamtafuta Wanyonyi, mmoja wa wale vijana wa lori. Nikamwambia, "Nionyeshe kisiki."

Akacheka. "Ai, mzee! Hata wewe?" Kisha akaona uso wangu, akawasha pikipiki. Akanibeba mpaka ng'ambo ya Kimilili, kwa boma moja. Nyuma ya zizi palikuwa na kisiki.

Kilikuwa kimeota kuvu. Mchwa walikuwa wamekula katikati. Kisiki cha miaka kumi, na mbao za jana.

"Ni hiki, mzee," akasema. Hakuniangalia.

Nikasimama pale. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Watu wa kwao walikuwa njiani. Mvua ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa nimechoka.

Nikasema, "Sawa."

Neno hilo moja.

Jumamosi kina mama walisema jeneza linanukia vizuri. Pasta akasema Mama amelala ndani ya mbao alizozipenda. Watu wakasema amina. Mimi nikaangalia udongo.

Nilidhani yameisha. Wanyonyi sasa ana yadi yake, mtaa wa chini. Lori lake linakuja kila wiki, limefunikwa turubai. Wanunuzi wa Kibomet walifundishwa na Chelangat, bado wanauliza kisiki.

Wanyonyi anawaambia, "Hii si ndiyo mbao ya Mama Kisiki? Si amelala ndani yake? Kama ni ya wizi angezikwa nayo? Enda uulize mzee. Kisiki alikiona na macho yake."

Wanakuja kweli. Jana alikuja mwalimu mmoja anayejenga nyumba. Akanipa pole, akakaa, akanywa chai.

"Mzee, ati ulikiona?"

Nikimwambia hapana, atajua nilimzika Chelangat ndani ya nini.

"Nilikiona," nikasema.

Akashukuru, akaenda kununua.