Mgonjwa Naye Huulizwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ya themanini, nilipompokonya mwanamume mzima kijiko mkononi, na hadi leo sijutii. Nilikuwa msichana wa Sabaki, nimeajiriwa kulea wazee katika nyumba moja ya wazee kule mtaa wa Barani. Kazi yetu ilikuwa kuwaogesha, kuwalisha, na kuwageuza wasiojiweza wasije wakachubuka migongo. Wewe unayeianza kazi hii leo una glavu na magodoro mazuri. Sisi tulikuwa na mafuta ya nazi na mikono yetu, usinicheke.

Mmoja wa wazee wangu alikuwa Bi Rukia, mtu wa Shella. Alikuwa na ugonjwa wa tumbo, na daktari alishatuambia kwamba tiba imekwisha, lililobaki ni kumtuliza maumivu tu. Mwanawe wa pekee, Salim, alikuwa fundi cherehani, hana mke wala dada wa kumsaidia kuuguza, ndiyo maana akamleta kwetu. Basi mtaani wakamsema weee! Salim kamtupa mamake! Maneno hayo yalimkaa moyoni, naye akayatafutia dawa, na dawa yenyewe ikawa chakula. Kila adhuhuri alikuja na bakuli la uji wa mchele, akamlisha mamake, akafunika bakuli, akaenda zake. Hakuketi hata mara moja. Nadhani aliogopa kuona kile ambacho sisi sote tulikuwa tumekwisha kukiona.

Siku hiyo Bi Rukia alikuwa hataki tena kula. Salim akamwinua kichwa, akamtia kijiko cha uji mdomoni. Uji ukatoka pembeni. Akamtia kingine. Mama akapaliwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Bwana Salim, mwache kwanza," nikamwambia. "Hataki."

"Mgonjwa haulizwi uji," akanijibu bila kunitazama, na kijiko kingine kikawa njiani.

Ndipo nilipokipokonya. Methali ni ya wahenga na naiheshimu, lakini wahenga walimsemea mgonjwa anayerudi, si anayekwenda. Salim akasimama, mishipa imemtoka shingoni.

"We mtoto, wataka mamangu afe na njaa? Watu wa Shella watasemaje?"

Kabla sijajibu, Bi Rukia akafumbua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila haikutetemeka.

"Niulize mimi, Salim. Mimi bado nipo."

Salim akanywea. "Haya mama, wataka nini?"

"Njaa sina, mwanangu. Siku zote hizi nilikuwa nikila kwa ajili yako, usije ukavunjika moyo. Leo nimeshindwa. Nataka uketi."

Akaketi. Nikampa pamba na kikombe cha maji, nikamwonyesha namna ya kumlowesha mamake midomo, tone kwa tone. Akachovya pamba, akamlowesha. Baada ya kitambo akalitoa lililokuwa likimsumbua.

"Mama, niwie radhi kwa kukuleta huku."

"Radhi zangu unazo zamani. Nilikuwa nangoja uketi nikwambie."

Nililia, mwanangu, nami si mtu wa kulia ovyo. Bi Rukia alifariki alasiri ya siku ya pili, ameelekezwa kibla, Salim amemshika mkono akimtamkia shahada sikioni. Maumivu yalikuwa yametulia, na hakuwa peke yake.

Basi shika nasaha yangu. Mzee anayekwenda hafi kwa sababu amekataa kula. Amekataa kula kwa sababu wakati wake umewadia. Usimlazimishe ili majirani wakusifu. Akiguna kwa maumivu, usimwambie avumilie, mwite daktari. Mgeuze taratibu, mloweshe midomo, na umuulize atakalo, hata kama jibu lake ni la kukonyeza jicho. Na jamaa yake akija na bakuli, usimwone mjinga, ni mapenzi hayo yamekosa njia. Lipokee bakuli, kisha mpe kiti.

Nami ni mzee sasa, na kitanda changu cha mwisho huenda kikaangukia zamu yako. Siogopi. Mola aibariki mikono yako, akupe umri mrefu, na siku yako ikifika akutie mikononi mwa mtu uliyemfunza wewe.