Dawa Iliyowekwa Mara Mbili

Jumamosi ile Muli Nzioka alitakiwa kupeleka mbuzi watatu kwa kina Mutheu, mchumba wake. Mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, bila hao, hata mkikaa pamoja mpaka mzeeke, mke bado ni wa babake. Mama yake, Nduku, aliwalea mwenyewe huko Gatuanyaga, akiwakatia majani kiangazi chote, na alikuwa akiwazungumzia kama watu wa nyumbani.

Muli alifanya kazi Ruiru, kwenye ofisi ya Kagwe, mwenye duka la agroveti, la dawa za mifugo na mimea, pale Thika. Ndiye aliyetengeneza databesi ya duka. Kijana hodari, sikatai, ila alipenda mno mambo yaishe haraka. Kwenye jedwali la bidhaa aliweka nafasi moja tu ya kundi: kitu ni cha mifugo, au cha kuku, au cha mimea, basi. Halafu ikaja dawa ya kupe, ambayo pia huua viroboto wa kuku, na wateja wa kuku wakawa hawaipati.

Alijua la kufanya. Ajenge jedwali jingine katikati, la kuunganisha bidhaa na makundi, ili kitu kimoja kiwe na makundi hata kumi na bado kibaki kimoja. Lakini hiyo ilikuwa kazi, na Kagwe hakuwa mtu wa kungoja.

"Muli, wachana na hizo story," alimwambia. "Iweke mara mbili tuendelee."

Akaiweka mara mbili, kila moja na namba yake. Kompyuta ikaamini ni dawa mbili.

Wiki ile ya ntheo, watengenezaji wa dawa wakapiga simu: shehena ya mwisho ilikuwa kali kupita kiasi, isiuzwe. Muli akaifunga kwenye kompyuta hapo hapo, akiwa Ruiru, bila hata kuinuka kitini. Akafunga ile ya mifugo. Ile ya kuku aliisahau kabisa, na hilo hunikasirisha mpaka leo, maana aliyeiweka ni yeye mwenyewe. Kule Thika wakaondoa chupa za rafu ya mifugo. Za rafu ya kuku zikabaki zimepangwa vizuri.

Alhamisi Nduku akaja dukani kutafuta dawa ya kuwaosha mbuzi, wasiende ukweni na kupe. Tabby, muuzaji, akabonyeza mifugo, mashine ikakataa. Wauzaji wa pale walikuwa na mazoea yao: ikikataa huku, jaribu kule. Akabonyeza kuku, ikakubali. Chupa ilikuwa ile ile, hata Nduku aliitambua.

Aliwaosha Ijumaa asubuhi. Kufika jioni wote watatu walikuwa chini, povu mdomoni.

Muli alimkuta mama yake ameketi vumbini, kichwa cha beberu mapajani. Akaokota chupa, akasoma namba ya shehena: ilikuwa ile ile iliyokatazwa. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

"Ni mimi nimewaua, mwanangu," Nduku alisema. "Nilipima vibaya. Macho yangu yameisha."

"Mama, hiyo dawa..."

"Usilaumu dawa. Nilinunua kwenu kwa sababu wewe ndiye unaangalia huko."

Muli akaenda kutafuta jembe.

Kina Mutheu waliombwa wangoje, na sasa wameanza kuchoka. Lile jedwali la katikati alilijenga wiki iliyofuata, na linafanya kazi vizuri: dawa iko mara moja, ukiifunga imefungwa kila mahali. Kagwe alimsifu mbele ya watu.

Muli hajamwambia mama yake ukweli mpaka leo. Nduku hapimi tena kitu chochote cha chupa, hata dawa yake ya kikohozi. Humngoja Muli aje nyumbani ampimie kwa kijiko, kwa sababu huyo ndiye anayemwamini.