Wanawake Wawili, Faili Moja

Nilipomaliza masomo kule chuo kikuu cha Kasapa, niliajiriwa na hospitali moja ya binafsi katikati ya mji, nitunze programu ya mafaili ya wagonjwa. Kampuni ya ng'ambo iliyoiandika ilikuwa imekwisha kufungwa, na haikutuachia msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuiwasha, kuizima na kumwomba Mungu.

Walioiandika walidhani jina na mwaka wa kuzaliwa vinatosha kumtambua mtu. Kwetu Katanga mapacha hawachaguliwi majina. Wa kwanza ana lake na wa pili ana lake, yaleyale katika kila nyumba, tangu enzi za mababu. Siku moja nikaona wanawake wawili wasiojuana, kila mmoja pacha wa pili kwao, wa rika moja, wamefanywa mgonjwa mmoja. Faili jipya lilikuwa limemeza la zamani. Bila msimbo sikuweza kuwatenganisha. Nilimwendea mkurugenzi, nikamwomba turudi kwenye karatasi mpaka tupate programu salama.

“Madame, iko natumika muzuri,” alinijibu. “Juu ya nini tuiache?”

Nilirudi tena na tena. Mwishowe akawa akiniona mlangoni anashika simu. Wauguzi niliwaonya, lakini kila mara walikuja wapya.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa Makomeno. Penisilini ilikuwa sumu kwake, na faili lake lililomezwa lilisema hivyo. Aliletwa akiwa na homa ya mapafu, hawezi hata kusema. Muuguzi alitazama skrini, hakuona onyo, akamchoma sindano ya dawa hiyo. Jioni haikumkuta hai.

Binti yake alinifuata kwenye korido, akauliza kama ni kompyuta ndiyo iliyokosea.

“Ndiyo,” nilisema.

“Na mulikuwa munajua?”

“Tulikuwa tunajua, mama.”

Hakulia. Aliketi palepale sakafuni, nami nikaketi kando yake.

Mkurugenzi aliagiza karatasi zibandikwe juu ya kila kompyuta: hakikisha jina la mgonjwa. Jina, wakati jina ndilo lililomponza mwalimu yule.

Mwaka huu hospitali imefungua tawi jipya, nikaamriwa kwenda kuiweka programu ileile huko. Nilikataa, nikaacha kazi. Aliyechukua nafasi yangu aliiweka kwa asubuhi moja tu.