Sufuria la Wanga

Pantaleo alikuwa mchora vibao wa Mchafukoge, na nusu ya maduka ya Kariakoo yalijulikana kwa herufi zake. Lakini raha yake hasa, mwaka ule wa 1955, ilikuwa Jumamosi alasiri, alipofundisha uchoraji katika chumba cha ustawi wa jamii. Bwana Ustawi, afisa aliyesimamia chumba hicho, alimwambia waziwazi kwamba wanafunzi wakiwa chini ya watano, chumba wanapewa wacheza karata. Nao walikuwa watano kamili.

Somo la kwanza lilikuwa la rangi. Aliwapa nyekundu, njano na buluu, basi. Nyeusi aliifungia kabatini. Akawatoa nje wakatazame kivuli cha ukuta, wakakiri wenyewe kuwa kina buluu ndani yake. Bibi Hemlata, mwenye duka la vitambaa, alicheka kwa furaha kama aliyeokota kitu njiani.

Jumamosi ya pili ikawa zamu ya kitambaa. Pantaleo aliwaonyesha namna ya kuwamba kitambaa cha marekani kwenye fremu, kisha kukipaka gundi, maana kitambaa kitupu hunywa rangi yote. Gundi yenyewe alifundishwa misheni huko kusini, na alijivunia mno. Akafunua sufuria juu ya jiko la mkaa, akaeleza kwa madaha jinsi ngozi ya ng'ombe inavyochemshwa mpaka iyeyuke.

Bibi Hemlata aliweka brashi chini taratibu, akajitanda ncha ya sari yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Ndipo Pantaleo alipokumbuka kuwa yule ni Mhindu, na ng'ombe kwake si kitu cha kuchemsha. Miaka kumi anawachorea watu hawa vibao, na bado! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani alimlalamikia mkewe, Angelina, kwamba darasa limekufa na gundi nyingine hakuna. Angelina alikuwa akitia wanga shati lake la kanisani, wala hakuinua kichwa.

"Kola hii inakukata shingo kila Jumapili," alisema. "Unadhani inasimama kwa gundi gani?"

Wiki nzima Pantaleo alihangaika na wanga wa muhogo. Mzito ulipasuka, mwepesi ulikaza marekani barabara. Jumamosi asubuhi akampelekea Bibi Hemlata fremu moja dukani, akaomba radhi kwanza.

Bibi aliigonga kwa kidole, ikalia vizuri. "Na sufuria, Mwalimu?"

"La wanga tu, Bibi. Halijaona nyama tangu linunuliwe."

Alasiri ile walikuwa watano tena. Katikati ya somo Angelina akatokea mlangoni, kafura, anadai sufuria lake. Kesho ni misa na shati bado. Bibi Hemlata akampisha kwenye benchi, akamwonyesha njano na buluu zinavyozaa kijani. Angelina akasema anatazama kidogo tu.

Kesho yake Pantaleo alisali na kola iliyolegea, na kwenye daftari la mahudhurio kulikuwa na majina sita.