Sare za Waliozimwa

Siku ilipotangazwa kwamba sehemu ya pili ya Bustani Isiyotua itatoka mwezi wa sita, fundi cherehani mmoja wa miaka hamsini na nne alipiga ukelele ambao mteja aliyekuwa akipimwa kiuno aliufasiri kuwa ni wa moto. Akatoka mbio hadi barabarani, tepu ikimning'inia nyuma kama mkia. Fundi hakumfuata. Alikuwa amekaa sakafuni, simu kifuani, akilia kwa furaha.

Mtaani wanamwita Mama Katuni, na hawamaanishi sifa. Kikosi chake kinamwita Kapteni, na huko hakuna anayecheka. Kikosi ni watu wazima kumi na tisa wenye kazi zao na shinikizo la damu lao, walioungana kwa sababu ya filamu moja ya katuni: meli inaelea angani ikibeba bustani ya mwisho ya binadamu, ina taa kumi na mbili za kuotesha mimea, na taa zinazimika moja moja. Sehemu ya kwanza iliishia taa ya tano ikipepesa. Tangu hapo ni miaka saba. Katika miaka hiyo wanakikosi wawili wameoana, mmoja amestaafu, mwingine ameokoka akaacha pombe, sigara na wanawake. Katuni hakuacha. Alisema dini yake haijafika huko.

Jambo ambalo kikosi hakikulijua, wala bintiye ambaye ni muuguzi na analala chumba cha pili, ni kwamba Kapteni alikuwa haoni sawasawa. Ilianza kama ukungu. Alibadilisha balbu ya cherehani mara tatu. Alisugua kioo cha dirisha kwa gazeti, kisha akasugua na cha jirani bila kuombwa. Ukungu ukabaki pale pale, maana haukuwa kwenye kioo. Baadaye upande wa kulia wa dunia ukaanza kufupika: miimo ya milango ikawa inamgonga bega, na pikipiki zikawa zinazaliwa ghafla ubavuni mwake, zikipiga honi na kumtukana.

Hakumwambia mtu. Mama yake mzazi aliingia hospitali ya macho kwa miguu yake, akatoka ameshikwa mkono, na alishikwa mkono hivyo hivyo hadi kaburini. Kapteni alitaka kitu kimoja tu: kuiona sehemu ya pili kwa macho yake mwenyewe. Baada ya hapo macho yafanye yatakavyo. Aliomba hivyo, kwa maneno hayo hayo, bila kujua kwamba tayari alikuwa anapatana bei.

Kikosi kikaamua kwamba siku ya kwanza, Jumamosi mchana, wote waende ukumbini wamevaa sare ya mabaharia wa ile meli. Nani ashone? Swali gani hilo.

Sasa, ndani ya filamu kuna rangi mbili, na mpenzi wa kweli hawezi kuzichanganya hata akiwa usingizini. Walio hai huvaa samawati nyepesi. Akifa mmoja, wenzake humshonea nguo ya kijivu chenye zambarau ndani yake, rangi ya chubuko la siku ya tatu, wakamlaza kwenye droo chini ya vitalu vya karoti. Hao huitwa waliozimwa. Watu wamelia kwa sababu ya droo hizo kuliko walivyolia kwenye misiba ya shemeji zao.

Kapteni alikuwa na mtindo wake wa kununua kitambaa. Hamuulizi muuzaji rangi, kwa sababu muuzaji wa vitambaa hukubali kila rangi unayoitaja. Ukisema ni kijani, ni kijani, ukisema ni Jumatano, ni Jumatano. Yeye hubeba jora hadi mlangoni saa sita mchana, akalinganisha kwa jicho. Kwa miaka thelathini jicho hilo halikuwahi kukosea. Safari hii alisimama mlangoni akaweka simu yenye picha ya kionjo, kile kipande cha filamu kilichotangulizwa kuwaonjesha watu, pembeni ya kitambaa. Akatazama. Akasogeza. Akatazama tena.

"Ndiyo yenyewe hiyo, mama," muuzaji akasema.

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza."

"Basi."

Akashona wiki tatu, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Katikati ya wiki ya pili mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja na mzigo wa sketi begani. "Fundi, hizi sketi arobaini nzuri sana. Lakini mifuko ni ya shule nyingine."

"Mifuko gani?"

"Sketi ni buluu. Mifuko ni nyeusi."

"Kiwanda hicho," Kapteni akasema haraka. "Wanachanganya majora siku hizi, wahuni wakubwa." Mwalimu mkuu akamtazama jinsi mtu anavyoutazama ufa kwenye ukuta wa darasa, akahesabu sketi zake, akaondoka nazo zote.

Siku ya kugawa sare, kikosi kilijaa kwenye chumba cha kushonea hadi wengine wakakaa juu ya meza ya kukatia. Mlinzi wa benki, jitu la futi sita ambalo hulia filamu ikianza ili lisisumbuliwe baadaye, alikuwa wa kwanza kufungua mfuko wake. Akatoa shati. Akalinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Vicheko vikakauka.

"Kapteni," akasema taratibu, kama anayezungumza na mtu mwenye bunduki. "Hii ni rangi ya waliozimwa."

Wengine wakafungua mifuko. Karatasi zilichakacha, mashati yakatoka moja moja, yote kijivu. Kapteni akasimama katikati ya watu kumi na wanane walioshika sanda zao. Angeweza kusema. Lilikuwa neno fupi tu: sioni. Lakini akaliona neno hilo likitoka mlangoni, likifika kwa mwalimu mkuu, likifika kwa bintiye, likimlaza kwenye kitanda cha magurudumu.

"Mlidhani nitawavalisha kama watoto wa chekechea?" akauliza.

Mfamasia, mtu mwembamba ambaye hajawahi kukutana na jambo lisilo na siri ndani yake, akapiga goti lake. "Anajua! Jamani, huyu mama anajua!"

"Anajua nini?" mlinzi akauliza.

"Wanakufa wote. Sehemu ya pili, meli nzima. Kapteni ameliona kwenye kionjo, sisi macho yetu ni ya kutafutia chumvi tu."

"Sikusema mimi," Kapteni akajibu. Ndilo neno pekee la kweli alilosema siku hiyo, na ndilo lililowamaliza kabisa. Wakalichukulia kama unyenyekevu.

Nadharia ikatoka chumbani ikiwa na miguu yake. Usiku haujaingia, vikosi vya miji mingine vilishaipata. Mwalimu mmoja wa hesabu alijumlisha taa, droo na tarehe ya kutoka filamu, akapata kumi na tatu, akaogopa kulala peke yake. Kikosi fulani kilikaa matanga ya siku tatu kwa ajili ya wahusika ambao walikuwa hawajafa bado, na waliochelewa kufika walitozwa maneno. Watu wasiomjua fundi huyu walichovya mashati yao kwenye rangi ya kijivu. Walimtumia picha. Yeye alizijibu zote kwa alama ya moyo, bila kujua anapongeza nini.

Siku kumi kabla ya Jumamosi, kionjo cha pili kikatoka. Ilikuwa asubuhi, chai mezani. Simu ikaanza kutetemeka hadi ikajisogeza yenyewe kuelekea kwenye kikombe. Ujumbe ulikuwa mmoja, umetumwa na watu kumi na wanane: KAPTENI. Hakuna lingine.

Akafungua kionjo. Akaona mstari wa watu wakitembea. Akakodoa. Akageuza shingo ili jicho la kushoto lifanye kazi ya la kulia. Watu walikuwa watu tu. Hakujua kama kikosi kinamlilia kwa kuwa amepatia, au kinamzomea kwa kuwa amewashonea wajinga kumi na wanane sanda.

Bintiye alikuwa akivaa viatu vya kazini, kimoja mguuni, kimoja mkononi.

"Hebu niangalizie. Hawa wamevaa rangi gani?"

"Mama, nimechelewa. Si unaona mwenyewe?"

"Nimekuuliza rangi."

Binti akainama kwenye simu. "Kijivu. Kile kile cha mashati yako. Wote wanatembea kwenye mstari, hakuna aliyevaa samawati." Kisha akaacha kutazama simu. Akanyoosha mkono upande wa kulia wa uso wa mama yake, vidole vitatu juu. "Vingapi?"

"Vingapi nini?"

Mkono ulibaki hewani. Kiatu kikaanguka.

Daktari wa macho alikuwa mpole kupita kiasi, na upole huo ulimtisha Kapteni kuliko vifaa vyote. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, akasema, hilo linasafishika. Lakini macho yote mawili yana presha. La kulia limeshaliwa. La kushoto linaliwa sasa hivi, wakati tunazungumza, na kinacholiwa hakirudi kwa dawa wala kisu.

"Nina nafasi moja," akasema. "Jumamosi ya wiki ijayo. Nyingine ni baada ya wiki sita."

"Jumamosi siwezi."

"Una msiba?"

"Ndiyo. Wa meli nzima."

"Mama!" Binti alisimama. "Ni katuni! Itaonyeshwa hata Jumapili, hata mwezi ujao!"

"Na bibi yako alipotoka huko ndani, mwezi uliofuata aliona nini?" Kapteni akauliza. "Niione kwanza. Halafu mnikate mnavyotaka."

Daktari akaandika wiki sita. Njia nzima kurudi nyumbani binti hakumshika mama yake mkono. Alitembea tu upande wake wa kulia, karibu karibu, kama ukuta.

Jumamosi, kikosi kilikwenda ukumbini kwa miguu, jua la saa nane likiwapiga. Watu kumi na tisa wa rangi ya chubuko, kwenye mstari, Kapteni mbele akifuata kisigino cha mlinzi, kivuli pekee ambacho jicho la kushoto lilikuwa bado linakipata; mlinzi aliombwa atangulie "kwa heshima". Dereva mmoja akasimamisha gari, akavua kofia. Mwenye duka akashusha mlango nusu. Nje ya ukumbi walisubiri wengine wasiojulikana, mamia, wote kijivu, na walipomwona wakapasuka katikati kumpisha. Mikono ikamgusa mkono wa shati alipopita. Hakuna aliyeshangilia.

Ndani akakaa kati ya mlinzi na mfamasia. Taa zikapungua, zikazimika. Kapteni akakaza macho mbele, kwenye giza, na akangoja. Miaka saba hii, dakika chache si kitu. Giza lilikuwa zuri, sawa kila upande. Hakukuwa na sauti. Akasikia ukumbi mzima ukivuta pumzi kwa pamoja, akafikiri ni msisimko. Akasikia mfamasia anapenga kamasi. Mtu nyuma akasema "hapana" kwa sauti ndogo.

Akamwinamia mlinzi. "Bado hawajaanza tu?"

Mlinzi akacheka huku akifuta machozi. Alijua utani wa Kapteni. "Wee mama wewe. Wameshazimwa wawili mbele ya macho yako, na hakuna hata aliyetamka neno."

Kapteni akanyoosha mkono gizani hadi akaupata mkono wa shati la mlinzi, akaupapasa mshono hadi kwenye pindo, akaukamata.

"Nani na nani?" akauliza.