Dakika Nne kwa Mdomo Wangu

Hoki tulifundishwa na mwenye duka la vyombo wa Muyinga, Mwislamu wa makamo ambaye babu zake walitoka Bara Hindi. Aliwahi kuishi kwa dada yake Kanada, na huko akaupenda mchezo wa barafuni hata akarudi na furushi la fimbo. Barafu kwetu ni ile ya kwenye friji tu, kwa hiyo tulicheza na viatu vya raba kwenye uwanja wa saruji, tukikimbiza mpira wa tenisi. Lakini sheria zilikuwa zile zile za barafuni, na hapo hakutaka mzaha.

Mimi nafundisha Mushasha, Gitega. Nilikulia Tanzania, nikarudi nyumbani na mama nikiwa mtu mzima, na timu ya hoki ya wanawake ndiyo iliyonipa watu wa kucheka nao. Jumamosi moja tulikwenda Muyinga kucheza na wenzetu wa huko, nao wanafunzi wake.

Kipindi cha pili nilikuwa nikimfukuza mshonaji mmoja wa timu yao, mwanamke mrefu mwenye mbio. Akageuka ghafla kuufuata mpira, fimbo yake ikapanda, ikanipata mdomoni. Nilipotema mate, yalikuwa mekundu.

"Pardon, dada! Pardon!" Alishaitupa fimbo chini, mikono kichwani. "Mi sikukuona!"

Mwenye duka, ambaye ndiye alikuwa refa, akapuliza filimbi. Alinishika kidevu, akatazama.

"Meno iko yote," alisema. "Lakini iko damu. Dakika nne."

Ndivyo sheria ilivyo: fimbo ikimgonga mtu juu ya mabega, aliyeishika hukaa nje dakika mbili, na timu yake hucheza na pengo. Damu ikitoka, dakika huwa nne.

Watu wa Muyinga wakapiga kelele kwamba hakukusudia. Hata mimi, kitambaa mdomoni, nikamwombea. "Mzee, mwache. Ni bahati mbaya."

"Najua ni bahati mbaya," akanijibu. "Angekusudia ningemfukuza kabisa. Lakini fimbo iko mkononi mwake. Ni yeye wa kuichunga."

"Alikuwa anapiga golini!" mtu akapaza sauti.

Neno hilo lilikuwa zito, kwa sababu refa mwenyewe alitufundisha kwamba fimbo inayopanda wakati mtu anamalizia kupiga mpira haina adhabu. Akamgeukia mshonaji.

"We ulikuwa unapiga?"

Watu wote wa kwao wakamkazia macho. Angeitikia tu, yangeisha.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nageuka." Akaenda kukaa kwenye benchi.

Tulifunga bao moja akiwa nje. Aliporudi uwanjani hakuna aliyemnunia, naye akakimbia kama mwanzo. Mwishowe walitushinda, na bao la mwisho alilifunga yeye.

Baada ya mchezo alinipeleka kwake, akanipikia uji, maana sikuweza kutafuna. Nikamuuliza kama alikasirika pale benchi.

"Mwanzo, ndiyo. Halafu nikaona hakuna mtu ananiita mubaya. Nilikaa, nikamaliza, nikarudi."

Niliyafikiria maneno hayo njia nzima hadi Gitega. Tangu turudi nyumbani nimesikia ugomvi mwingi wa majirani, huyu alikusudia, yule hakukusudia, mpaka aliyeumia anasahaulika pembeni. Pale uwanjani refa aliutazama kwanza mdomo wangu, na moyo wa mwenzangu hakuuhukumu. Sikujua kwamba yote mawili yanawezekana kwa pamoja.

Walipokuja Gitega kucheza tena, mshonaji alilala kwangu, mtaa wa Yoba. Mama yangu alimpokea mlangoni, kisha akanigeukia.

"Ndiye huyu aliyekupasua mdomo?"

"Ndiye, mama."

Mama akamtazama kutoka juu hadi chini, akaingia jikoni, akarudi na sahani iliyojaa ndizi na maharage.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Kesho mna kazi ya kukimbia."