Gauni Lisilo na Zipu

Jina la Kizibo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mabibi harusi, kwa sababu hakuna mwanya wa nguo ambao mama yule aliwahi kuuona akauacha wazi. Kifua anaziba. Mgongo anaziba. Ukimletea picha ya gauni lenye mikono ya neti, utatoka na mikono ya neti kweli, lakini chini yake ameweka bitana nzito kama ya koti la askari. Ukimwita Kizibo mbele yake anakuchoma pini ya mbavu, halafu anakwambia, "Pole mwanangu, umejitikisa." Mimi ndiye ninayempigia pasi, na nimempigia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kwa hiyo nikimsema mniache niseme. Nina haki zangu.

Duka lina vyumba viwili. Chumba cha mbele kina cherehani dirishani na sanamu la kuvalishia lisilo na kichwa. Kila tukifunga duka analifunika shuka, eti hata sanamu halilali uchi. Chumba cha nyuma kina meza yangu ya pasi, kioo kirefu, na pazia ambalo mabibi harusi wanavulia nyuma yake. Humo ndimo wasichana wa mji huu walimotukanwa. Mwenye kifua kikubwa aliambiwa, "Hivi umebeba, au unauza?" Mwenye mwili mwembamba aliambiwa nguo itamvaa yeye. Na mama zao walikuwa wamekaa pembeni wanacheka, mbavu hawana.

Kilichompa sifa ni zipu. Gauni lake halina zipu, halina vifungo. Asubuhi ya harusi anakuja nyumbani kwenu na sindano, anakugeuza uso ukutani, anakushona mgongoni kutoka kiunoni mpaka shingoni, wewe ukiwa ndani. Kutoka humo mpaka mtu afumue, na mtu huyo ni mumeo. Haja ndogo? Shauri yako, nani kakwambia unywe chai. Zamani akina mama walipenda mno jambo hilo. "Mshone fundi, mshone kabisa!" wanasema, na binti amesimama tu kama gunia linalofungwa mdomo. Binti aliyeolewa bila kushonwa na Kizibo, watu walimtazama kwa jicho la pembe.

Basi, mambo yakageuka. Wasichana wakaanza kuja na simu zao. Huyu anataka mgongo wazi mpaka chini, yule anataka mpasuo unaopanda mpaka pajani. Kizibo anashika simu ile kwa vidole viwili, anauliza, "Huyu kaolewa, au kaibiwa nguo?" Msichana anachukua simu yake, anavuka barabara, anaingia kwa fundi kijana wa upande wa pili, ambaye anashona chochote unachotaka na kukusifia juu. Na mama zao, walewale waliokuwa wakicheka, nao wakavuka. Ikafika mahali tukawa tunashinda dukani mimi, yeye na sanamu. Alikuwa akikaa dirishani anahesabu wanaoingia kule. Ukimwongelesha anakurukia.

Ndipo mwanawe akaja kusema anaolewa. Mtoto wa pekee, anauza dawa kwenye duka la dawa, mpole, anaongea chinichini. Ukikulia kwa Kizibo unajifunza kuongea chinichini. Mama mtu akafufuka! Alipiga meza yangu mpaka pasi ikaruka. "Watakuja wote," akaniambia. "Watakuja wale waliovuka barabara. Nitawaonyesha bibi harusi anavyokuwa, na wakitoka pale watarudi hapa kwa magoti." Hakuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha duniani ila mtoto yule.

Siku ya kwanza ya kujaribu, binti alisimama mbele ya kioo, mama yake kapiga magoti na tepu ya kupimia, pini tatu mdomoni.

"Mama, niachie nafasi hapa kiunoni."

"Ya nini? Unakwenda kuolewa au unakwenda kula?"

"Nina mimba, Mama. Mwenzangu anajua, mama yake anajua. Wamefurahi."

Kizibo alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Nikasikia harufu, kumbe nimeacha pasi juu ya satini.

"Sijasikia," akasema.

"Nimesema nina..."

"Na mimi nimesema sijasikia. Simama wima."

"Siku hizi si aibu, Mama. Watu wanapiga picha na matumbo yao."

"Hao watu nimewazaa mimi?"

Nilimngoja binti nje, nikamuuliza kwa nini asivuke barabara kama wenzake, akashonewe nguo ya mtu anayepumua. Akasema, "Ni siku moja tu, dada. Nikimnyima na hili atakufa." Nilikasirika. Mtoto anamwonea huruma mama, mama anamhurumia nani?

Kwa sababu Kizibo alikuwa amesikia vizuri sana. Mkono wake haukosei kipimo, na kila mara binti alipokuja kujaribu, tepu ilimwambia kiuno kimeongezeka. Yeye akapunguza. Akaingiza ndani tepe ngumu, zile za kushikilia umbo, safu juu ya safu, akashona juu yake bitana mbili. Nikamwambia, "Mama, huyu mtu atapumulia wapi?"

"Bibi harusi hapumui. Bibi harusi anatazamwa. Wewe piga pasi."

Asubuhi ya harusi alimgeuza mwanawe uso ukutani. "Vuta tumbo."

"Nimevuta."

"Vuta tena."

Alimwekea goti mgongoni, haki ya Mungu, kama mtu anayefunga mzigo, akavuta pande mbili za gauni zikakutana, akaanza kushona. Nikasema, "Mama, basi." Akasema, "Shika shela, usinichafulie siku." Binti alikuwa ameweka viganja vyote viwili ukutani. Hakulia. Alikuwa hana pumzi ya kulilia.

Na tuseme ukweli, alipendeza. Alipoingia ukumbini watu walisimama. Wale akina mama waliovuka barabara walikuja kushika kitambaa, "Jamani, hii ndiyo nguo! Wa kwetu walivaa vitambaa vya kufutia vioo," na Kizibo anapita meza hadi meza, shingo juu, anapokea. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Alinigusa bega akasema, "Umewasikia?" Mimi nilikuwa namtazama binti. Midomo ilikuwa imepauka, na kila akitabasamu anafunga macho.

Walipoitwa kukata keki alisimama, akashika meza, akaenda chini na kitambaa cha meza na keki yenyewe.

Bwana harusi alimrukia, akamlaza ubavu, akawa anapapasa mgongo wake juu mpaka chini. "Zipu iko wapi? Zipu iko wapi?" Mwanaume mzima, sauti imekuwa ya mtoto. Mimi huwa natembea na mkasi kwenye mkoba kwa ajili ya nyuzi. Nikaufungua, nikapiga magoti, nikaushika upindo wa shingoni. Mkono ukanidaka kifundo. Wa Kizibo.

"Usimkate! Watu wanaona!"

"Mama, mtoto hapumui!"

"Mpelekeni ndani kwanza! Leteni pazia, leteni kitu! Tumbo lake litaonekana!"

Alipiga kelele hizo mwenyewe, ukumbi mzima ukasikia, na simu zote zikawa juu. Alikuwa na nguvu za ajabu. Nikavuta, akavuta, na uso wa binti unageuka rangi hapo katikati yetu. Nikamuuma mkono. Ndiyo, nilimuuma mwajiri wangu mbele ya wageni, na ningemuuma tena. Akaachia. Nikakata kutoka shingoni mpaka kiunoni, bitana ya kwanza, bitana ya pili, tepe zikawa zinakatika moja baada ya nyingine kwa sauti, gauni likamvuka hadi nyonga. Tumbo likatoka nje likiwa na mistari myekundu ya tepe kama limechapwa.

Akavuta pumzi. Akakohoa, akavuta nyingine. Mumewe akavua koti amfunike, akalisukuma. "Acha. Nataka hewa."

Unajua ukumbi ulifanya nini? Ulipiga makofi. Mtu akapaza sauti, "Jamani kuna mtoto!" na makofi yakazidi, watu wanalia na kucheka, mama wa bwana harusi kapiga magoti kwenye keki anambusu mkwewe tumbo. Hakuna aliyezomea. Hakuna aliyeshika mdomo. Ile aibu aliyoiogopa Kizibo ilikuwa haipo kwa mtu yeyote pale ndani isipokuwa yeye, na hakuna aliyegeuka kumwangalia.

Hospitali walisema mama na mtoto wako salama. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Dada, mwili ulikuwa umekwisha lakini masikio yalikuwa yanafanya kazi. Nilisikia anakuzuia."

Akajifungua mtoto wa kike. Mama yake hakuitwa. Alifungasha akaenda bila kuitwa, na mkwe wake akamkuta mlangoni, akamwambia kwa adabu zote kwamba wamelala. Akaenda tena, bado wamelala. Akashona vigauni vitano vya kitoto, kola mpaka kidevuni, hajifunzi yule mama, akanipa nivipeleke. Nikavirudisha vimekunjwa vilevile. "Amesema vinabana," nikamwambia, na sikumtilia sukari. Ningeweza kumwambia mtoto amekwishapita kipimo hicho. Sikutaka.

Juzi akaingia bibi harusi, wa kwanza tangu siku ile. Msichana mchangamfu, tumbo lake hilo limetangulia mlangoni. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyeshona hili," akasema, akanyoosha simu. Kizibo akavaa miwani. Ilikuwa picha ya ukumbini, mwanawe sakafuni, gauni limefunguka, mwanga umelipata tumbo vizuri.

"Nataka hivihivi, Mama. Mgongo wazi na tumbo lionekane. Imependwa na watu kibao!" Akaikuza picha kwa vidole. "Hii mikono hapa usiiangalie. Wanasema eti huyu anayezuia mkasi ni mama yake mzazi. Hebu fikiria! Mama gani?"

Nikaacha pasi. Nilingoja amtukane, amchome pini, amtoe nje. Kizibo alirudisha simu, akavuta tepu shingoni, akapiga magoti mbele ya msichana yule na kuizungusha tepu tumboni.

"Anapiga teke, umeona?" msichana akacheka.

Tepu ikaanguka sakafuni. Kizibo hakuiokota. Aliweka viganja vyote viwili juu ya tumbo la mtoto wa watu, akatulia hivyo, kainamisha kichwa, na msichana akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, tabasamu likaanza kumfifia.

"Mama," akasema, "si umemaliza kupima?"